Mita Moja na Nusu

Mwaka 1973 mabunge mawili, yaliyokuwa mbalimbali na yasiyojuana, yalishughulika na sheria za barabarani. La kwanza ni Bunge la Tanzania, lililopitisha Sheria ya Usalama Barabarani, Sheria Na. 30 ya mwaka huo, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo inayotutawala mpaka leo. La pili ni bunge la jimbo la Wisconsin, Marekani, ambalo liliongeza jambo moja dogo katika sheria yake: dereva anayempita mtu wa baiskeli amwachie nafasi isiyopungua futi tatu. Futi tatu ni kama sentimita 90, hatua moja ndefu ya mtu mzima. Wisconsin ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuandika kipimo hicho. Leo zaidi ya majimbo 30 ya nchi hiyo yana kipimo cha namna hiyo.

Sheria yetu ya 1973 ina mengi. Ina leseni, ina mwendo, ina ulevi, ina adhabu ya dereva anayeua au kujeruhi kwa uendeshaji wa hatari. Kipimo cha nafasi kati ya gari na baiskeli haina. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika historia, na kazi niliyofundishwa ni kutoamini haraka kwamba kitu kimekosekana kwa bahati mbaya. Nadhani kukosekana kwa kipimo hiki kuna historia, na historia hiyo inasomeka vizuri kwenye barabara moja ya milimani: ile ya kutoka Mombo kwenda Lushoto.

Barabara hiyo ina urefu wa kilomita zipatazo 33. Inaanzia Mombo, kwenye joto la tambarare, pale inapoachana na barabara kuu ya Segera kwenda Moshi na Arusha. Inapanda kona kwa kona hadi Soni penye maporomoko, kisha Lushoto, mji ulio mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni bonde. Juu kunashuka kabichi, karoti, viazi na pilipili hoho. Chini kunapanda saruji, mabati, sukari na watu.

Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmsthal, kwa jina la mfalme wao, wakaufanya makao makuu ya wilaya. Mwaka 1907 wilaya hiyo ilianzisha utaratibu ambao wanahistoria wanaukumbuka vizuri: kadi za kazi. Mwanamume mzima wa Kiafrika alipewa kadi yenye nafasi 30, na alitakiwa kuijaza kwa siku 30 za kazi kwa mlowezi ndani ya miezi minne. Aliyeshindwa kuijaza alipelekwa kwenye kazi za umma kwa ujira mdogo zaidi, zikiwamo kazi za barabara. Kwa hiyo sheria na barabara, katika milima hii, zilifika pamoja. Mtu wa kwanza ambaye sheria ilimtazama barabarani hakuwa dereva. Alikuwa mtu wa miguu mwenye kadi mfukoni.

Waingereza nao walikuja na sheria yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili waliona udongo wa Usambara unasombwa na mvua, wakaanza majaribio ya hifadhi ya ardhi Mlalo mwaka 1946, kisha mwaka 1950 wakaanzisha mpango mkubwa zaidi wa milima yote. Wakulima waliamriwa kulima matuta kwenye miteremko, na aliyekaidi aliadhibiwa. Kazi ya matuta ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Watu waligoma, walilalamika, waliyavunja matuta, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umeachwa. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyeishi na Wasambaa na kuandika juu yao, anaeleza kwamba wao walikuwa na namna yao ya kuupima utawala. Mtawala, na sheria yake, ama anaiponya nchi, kuzifya shi, ama anaiharibu, kubana shi. Swali halikuwa tu kama sheria ina nia njema. Swali lilikuwa: inampunguzia nani mzigo, na inamwongezea nani?

Nimeishika mizani hiyo ya Wasambaa kwa sababu inafaa kupimia sheria za baiskeli.

Baiskeli ilipoenea Tanganyika ilikuwa chombo cha karani, mwalimu, katekista na mkulima aliyeuza mazao vizuri. Baada ya Uhuru ikawa ya wengi zaidi. Katika zama za Ujamaa tulikuwa hata na kiwanda chetu, NABICO cha Dar es Salaam, kilichotengeneza baiskeli aina ya Swala. Zilikuwapo pia Raleigh za Uingereza na Phoenix za China, ambazo ukitembea Mombo, Mazinde au Korogwe leo bado utazikuta, fremu imechomelewa mara tatu, keria inabeba gunia.

Na serikali iliiona baiskeli. Iliiona kama kitu cha kulipiwa. Mwaka jana, nikikusanya taarifa za tasnifu yangu kuhusu usafiri katika wilaya hii, nilikaa nusu siku Mombo kwa fundi baiskeli mmoja aliyeanza kazi hiyo kabla wazazi wangu hawajaoana. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa gogo la kukalia.

“Babu, kodi ya baiskeli uliilipa?”

“Tuliilipa sana, mjukuu wangu. Ukilipa unapewa kibati, unakifunga hapa kwenye fremu. Mgambo akikukuta huna, baiskeli inakwenda, wewe unabaki na pampu.”

“Na kwa kodi ile mlipata nini?”

Akafikiri kidogo, spana mkononi. “Kibati,” akasema.

Kodi hiyo imeshafutwa. Lakini mtazamo uliokuwa nyuma yake haukufutika: baiskeli ni kitu cha kukaguliwa. Kanuni za barabarani zinamtaka mpandaji awe na breki zinazofanya kazi, awe na taa usiku, asijishikize kwenye gari linalokwenda. Zote ni kanuni nzuri. Anayejishikiza nyuma ya lori kwenye kona za Soni anacheza na roho yake. Ila zitazame kwa pamoja. Kila moja inamwagiza mpandaji afanye jambo. Dereva anayempita anaambiwa nini? Anaambiwa awe mwangalifu.

Uangalifu ni neno jema lisilo na urefu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, uliojaribu kuzioanisha kanuni za nchi mbalimbali, nao ulitumia lugha ya namna hiyo: anayepita amwachie anayepitwa nafasi ya kutosha. Ya kutosha kwa nani? Niliiteremka barabara hiyo kwa baiskeli ya kuazima, kutoka Soni kwenda Mombo, na nikapata jibu kwa njia ambayo sikuiomba. Lori lililojaa kabichi lilinipita kwenye kona ya kushoto. Kioo chake cha pembeni kilipita juu ya bega langu, na upepo wake ukanisukuma kwenye changarawe kabla sijaelewa ni nini. Ukimuuliza dereva yule, atakuapia kwamba aliniacha nafasi ya kutosha. Nami sina la kumjibu, maana sikuanguka. Neno “kutosha” humaanisha kwamba kipimo kitajulikana baada ya ajali.

Ndiyo maana nchi nyingine ziliacha neno zikachukua namba. Ufaransa inataka mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji. Hispania inataka mita 1.5. Ujerumani, ambayo mahakama zake zilikuwa zikikadiria kesi kwa kesi, iliandika mwaka 2020 mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. California ilianza kutumia futi tatu Septemba 2014. Na kwa anayedhani haya ni mambo ya Wazungu, jimbo la Rasi ya Magharibi nchini Afrika Kusini liliweka mita 1 katika kanuni zake mwaka 2013. Jimbo hilo pia lina milima, malori ya mazao na barabara zenye kona.

Nimeijadili hoja hii na wenzangu darasani, na madereva wawili watatu wa Coaster za Lushoto, na pingamizi ni zile zile. Nazichukua moja moja, kwa sababu zina uzito.

Ya kwanza: barabara ni nyembamba. Pale kati ya Soni na Mombo ukimwachia mtu wa baiskeli mita moja na nusu, utakuwa umeingia upande wa pili na basi linakuja. Ni kweli kabisa. Na hapo ndipo kipimo kinapofanya kazi yake kubwa, ambayo neno “uangalifu” haliwezi kuifanya. Kama mita moja na nusu haipo, sheria haikuambii upenye. Inakuambia usubiri. Kaa nyuma yake mpaka kona iishe, kisha upite. Kwenye mteremko ule mtu wa baiskeli hakai mbele yako muda mrefu. Kwenye mpando utapoteza labda dakika moja. Sheria yenye namba, kwenye barabara nyembamba, kwa hakika ni sheria ya dakika. Inauliza dakika ya nani itumike: ya mwenye injini, au ya mwenye pedali. Mpaka sasa tumejibu kimyakimya kwamba mwenye pedali ashuke kwenye changarawe.

Ya pili: wapanda baiskeli wenyewe wana makosa. Hawana taa, wanabeba mizigo inayotoka pembeni kama mabawa, wanakata kona bila ishara. Hili nalo ni kweli, na sheria ya kuwashughulikia ipo tayari tangu zamani. Lakini makosa hayana uzito sawa. Baiskeli ina kilo kama 20, lori lina tani kadhaa. Fizikia tuliyosoma sekondari inasema mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya mgongano inaongezeka mara nne. Mtu wa baiskeli akikosea, anayeumia ni yeye. Dereva akikosea, anayeumia ni yule yule wa baiskeli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na waendesha pikipiki. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Msomaji wa jarida hili, uwezekano mkubwa ni kwamba umri huo ni wako.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi: nani atapima? Trafiki wa Mombo hawezi kukimbia na futi kamba. Mji wa Chattanooga, Tennessee, uliwapa polisi wake wa baiskeli kifaa cha mawimbi ya sauti kinachosoma umbali wa gari linalopita. Sisi hatuhitaji kuanza na kifaa. Faida ya kwanza ya namba huonekana mahakamani na kwenye meza ya bima, baada ya ajali. Gari likimgusa mtu wa baiskeli wakati wa kumpita, umbali unajulikana bila futi kamba: ulikuwa sifuri. Bila namba, majeruhi anabaki kubishana na dereva kuhusu maana ya uangalifu. Kwa namba, kosa limeshapimwa.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo Waholanzi walilitangulia. Watu hudhani Uholanzi ilizaliwa na baiskeli na njia zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara zake zilikuwa zikiua vibaya. Mwaka 1971 pekee waliokufa walizidi 3,000, na watoto miongoni mwao walizidi 400. Wazazi waliingia mitaani na kulala chini na baiskeli zao, katika vuguvugu lililojiita Stop de Kindermoord, yaani “acheni kuua watoto”. Njia za baiskeli zilikuja baada ya kelele hizo. Na leo sheria yao ya fidia inasema kwamba gari likimgonga mwenda kwa miguu au mpanda baiskeli, mwenye gari ndiye anayewajibika kwa hasara, labda athibitishe kwamba tukio lilikuwa nje kabisa ya uwezo wake. Hilo halimaanishi dereva anafungwa jela bila kosa. Linahusu nani analipa hospitali.

Kwetu, kwa mfumo tuliourithi kutoka Uingereza, kwa kawaida anayedai fidia ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha uzembe. Kila gari linatakiwa kisheria kuwa na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na mtu wa baiskeli aliyegongwa ni mtu wa tatu. Lakini fikiria muuza mkaa aliyevunjika paja Mazinde. Amelazwa. Baiskeli yake iko kituoni, imekunjwa. Shahidi wake ni utingo wa lori lile lile. Huyo ndiye tunayemwambia athibitishe. Ukichukua mizani ya Wasambaa, mzigo umewekwa juu ya aliyeanguka nao.

Naomba nieleweke: sidai kwamba aya moja ya sheria itaokoa watu peke yake. Mtaro ulioachwa wazi, bega la barabara lililoliwa na mvua, magari yanayoegeshwa pale Soni sokoni mpaka mtu wa baiskeli hana pa kupita, hayo yanahitaji bajeti na koleo. Dar es Salaam ilijengewa njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro pamoja na mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi Mei 2016, na nyingi zimegeuka kuwa maegesho ya bodaboda na meza za biashara. Njia bila sheria inayosimamiwa ni saruji tu. Lakini Usambara hatutapata njia ya peke yake kando ya mwamba. Kwa barabara kama ya Mombo, ukuta pekee tunaoweza kumjengea mpanda baiskeli ni umbali.

Na sheria inaweza kubadilika, tumeshaiona ikibadilika. Bodaboda yenyewe, neno hilo, lilizaliwa na baiskeli. Pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana waliwavusha abiria kwa baiskeli kutoka “boda” moja hadi nyingine. Pikipiki zilipokuja zikachukua abiria, zikachukua na jina. Tanzania ilipoona pikipiki za abiria zimekuwa nyingi mno kupuuzwa, mwaka 2010 ilizitungia kanuni za leseni za usafirishaji, pamoja na bajaji. Sheria iliifuata injini. Baiskeli, iliyolizaa neno, ikabaki nyuma na kengele yake.

Pikipiki zilifuatwa kwa sababu wenyewe walikuwa wengi, walijipanga vituoni, na wanasiasa walihitaji kura zao. Wapanda baiskeli wa Tanzania wana chama Dar es Salaam, UWABA, Umoja wa Waendesha Baiskeli, ambacho kimekuwa kikifanya misafara na kudai njia salama. Milimani na tambarare za Korogwe na Lushoto sauti ya namna hiyo ni dhaifu. Mwenye baiskeli huku ni mtu anayewahi soko. Hana muda wa mkutano, na wengi wanajiona wako kwenye baiskeli kwa muda tu, mpaka wapate pikipiki. Hapo ndipo naona kazi yetu sisi tuliosoma. Kazi hiyo si kuwatungia sheria kutoka juu. Matuta yalishindwa kwa sababu mtaalamu aliujua udongo lakini hakumuuliza aliyeshika jembe. Anayejua ni kona ipi inaua si mimi mwenye tasnifu. Ni muuza maziwa wa alfajiri, na fundi anayepokea baiskeli zilizokunjwa na kujua kila moja ilikunjwa wapi. Tuanze na wao: tuandike kona zao, saa zao, aina ya magari, kisha tuzipeleke mbele zikiwa na mihuri ya vijiji.

Mbele kuna milango miwili. Halmashauri, kwa mamlaka iliyopewa na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, inaweza kutunga sheria ndogo: mahali pa kuegesha Soni, usafi wa mabega ya barabara katika vijiji, saa za kupakia mizigo sokoni. Lakini umbali wa kumpita mtu ni wa Sheria ya Usalama Barabarani yenyewe, na hiyo ni ya Dodoma. Kamati za Bunge hupokea maoni ya wananchi muswada unapofika kwao, na maoni yenye sentensi iliyokwisha kuandikwa husomwa kwa urahisi kuliko malalamiko. Basi hii hapa ninayopendekeza, kwa lugha ambayo dereva na mpandaji wote wataielewa bila wakili:

“Dereva wa chombo cha moto anayempita mpanda baiskeli atamwachia nafasi isiyopungua mita moja na nusu, na pale ambapo barabara haina nafasi hiyo, atabaki nyuma yake mpaka ipatikane. Chombo cha moto kikimgusa mpanda baiskeli wakati wa kumpita, itachukuliwa kwamba nafasi hiyo haikuachwa, mpaka dereva athibitishe vinginevyo.”

Nilimsomea fundi wa Mombo rasimu ya kwanza kwa simu. Alitaka tuongeze anayesukuma baiskeli kwa miguu, kwa kuwa kutoka Mombo kupanda Soni karibu wote husukuma. Sikuwa nimelifikiria. Rasimu ya pili itasema “anayepanda au kusukuma baiskeli”. Ukiwa na kona yako, au neno lako la kuongeza, liandike, tuzilinganishe kabla hatujazipeleka.